Mkwe Wangu Kwenye Kiti cha Nyuma

Binti yangu alipiga simu saa kumi na mbili asubuhi, sijamaliza kusali. Hakuamkia. Alisema tu, "Mama, imeanza," halafu akapumua kwenye simu kama mtu anayepanda mlima na ndoo kichwani.

Mimi nilikuwa Louisville, yeye Buffalo. Katikati kuna barabara ya saa nane ukikaza mwendo, na mimi sijui kuendesha hata baiskeli. Tulikuwa tumepanga kusafiri Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Mtoto hakuulizwa.

Niseme wazi kwa nini nilitaka kufika kabla yake. Kwa mikono hii nimepokea watoto wa watu wengi, kwetu Kongo milimani juu ya ziwa, na baadaye kambini Tanzania, zile siku gari la hospitali lilikuwa halina mafuta. Watoto wa wanangu mimi mwenyewe sijapokea hata mmoja. Binti yangu mkubwa alibaki kambini na tumbo lake. Mimi nikapandishwa ndege, siku ya tisa akajifungua. Wa pili alizaa Zambia. Wajukuu wangu wote nimewaona kwenye kioo cha simu, wananipungia mkono bila kujua wanampungia nani. Huyu wa Buffalo ndiye kitinda mimba wangu, na hii ilikuwa mimba yake ya kwanza. Nikasema, huyu mtoto ataangukia mikononi mwangu, Mungu akipenda, na asipopenda nitamwomba tena.

Nikawapigia wenyeji wetu. Ni wazungu wawili wa kanisani, mume na mke, ndio waliokuja kutupokea uwanja wa ndege mwaka tuliofika, wamebeba masweta. Mzee alikuwa mwalimu wa hesabu, amestaafu. Mkewe ni mtu wa kucheka na kulia kwa dakika hiyohiyo. Wana mtoto wao wa kiume anayefanya kazi Amherst, pale ubavuni mwa Buffalo, ndiyo maana walijitolea kunipeleka. Kiingereza nakisikia kuliko ninavyokisema. Nilijifunza nikikunja mashuka hotelini. Siku hiyo kilitosha. Nikasema, "Baby. Today. Go."

"Today?" akauliza yule mke, ambaye mimi namwita mama.

"Go," nikasema tena, nikakata simu nikavae viatu.

Saa moja na nusu walikuwa mlangoni. Gari lao si kubwa. Buti lilikuwa limejaa zawadi, nepi na nguo za rangi ya ndizi, na kwenye kiti cha nyuma, upande wa kushoto, walikuwa wamesimamisha katoni refu lenye kitanda cha mtoto ndani. Katoni lilikuwa limefungwa mkanda vizuri kama abiria. Nikaingia na begi langu la unga wa mtama, maana mzazi lazima anywe uji, na furushi la vitenge, na mto wangu. Moyo ulikuwa unaruka. Sina aibu kusema, nilikuwa nacheka peke yangu.

Bon. Sasa Mzee anaendesha kama amebeba mayai. Kibao kikisema sabini, yeye anakwenda sitini na mbili. Malori yalitupita. Basi la wanafunzi lilitupita. Trekta lilitupita, nasema kweli, trekta limebebwa juu ya lori lakini lilitupita. Mkewe ameshika simu inayosema njia, na Mzee haamini simu, ana karatasi aliyoandika jana yake kwa mkono. Simu ikisema kulia, Mzee anasoma karatasi. Walianza kubishana kwa sauti ya chini, ile ya watu wa kanisa walio na mgeni garini. Maneno mengine yalinipita, lakini shingo zao nilizielewa. Ya Mzee ilikuwa nyekundu, ya mama ilikuwa imegeukia dirishani. Mimi nilikaa kwenye ndoa miaka thelathini na mbili kabla ya kuwa mjane, shingo hizo nazijua.

Nikamgusa Mzee begani. "Papa. Baby no wait."

Akaongeza mpaka sitini na tano.

Tulifika Columbus saa tano na kitu. Nilidhani tunapita tu. Lakini mama akageuka nyuma, uso unang'aa, akaniambia pole pole, neno moja moja, kwamba ana surprise. Tukaacha barabara kuu, tukaingia Northland, tukafuata Morse Road hadi kwenye maegesho ya duka moja la Kiafrika. Nikafurahi, nikajua amenileta kununua ndagala, dagaa wetu wa ziwani.

Haikuwa ndagala. Alikuwa mkwe wangu.

Mume wa binti yangu alikuwa amepata kazi kwenye ghala la vifurushi huko Columbus, analala kwa kaka yake, anatafuta nyumba ili mke amfuate baada ya kujifungua. Hayo nilikuwa nayajua. Nisichokijua ni kwamba gari lake lilikufa juzi yake, na binti yangu aliwaomba wenyeji wetu wampitie. Mama wa watu alifurahi sana. Familia pamoja! Akaona asiniambie, nishangae.

Nilishangaa.

Wanaosoma hapa na si wa kwetu nitawaelezea. Kwetu, mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukwepana. Hampeani mikono. Hamketi mkeka mmoja. Hamli mkitazamana. Mkikutana njiani mmoja anaingia majanini mpaka mwingine apite. Haya yanaendelea hadi wazee waketi, kuku achinjwe, maneno yasemwe, ndipo mnafunguliwa. Sisi hatujafunguliwa, kwa sababu wazee wenyewe wametawanyika nchi nne. Siku ya arusi yao Buffalo alinisalimia akiwa upande wa pili wa ukumbi, ameinama, nami nikamjibu nikiangalia keki. Ni kijana mzuri. Tangu siku hiyo sijamwona uso vizuri, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Sasa huyo hapo, na begi mgongoni, anakuja mbio. Akaniona kioo kikiwa wazi. Akasimama kama aliyegonga ukuta. Akatupa mgongo, akachuchumaa katikati ya maegesho, kichwa chini, kama ilivyo heshima. Gari moja likapiga honi.

"Anaumwa?" mama akauliza.

Mkwe alijibu Kiingereza kirefu, mgongo bado ukiwa kwetu. Nilisikia neno bus. Anataka kupanda basi la masafa, amwachie mama mkwe gari. Heshima nzuri, lakini lile basi linalala njiani, na mke wake anapumua kwenye simu. Nikaliambia katoni la kitanda, kwa sauti ya kutosha maegesho yote:

"Mtu atakayengoja basi leo, atamkuta mtoto wake ameota meno!"

Mgongo ukajibu, "Mtu amesikia."

Nikafikiria kiti cha mbele. Nikamwonyesha mama kwa kidole: yeye nyuma, kijana mbele. Akashika tumbo, akanionyesha kwamba akikaa nyuma anatapika. Na katoni halikubali kulala. Basi ilibaki nafasi moja, ile ya katikati, kati yangu na katoni, na mama akaipigapiga kwa kiganja, kwa upendo kabisa, amkaribishe kijana karibu na mama yake.

Nilijenga ukuta. Begi la unga chini, furushi la vitenge juu yake, mto wangu juu kabisa. Mkwe akaingia upande wa katoni, akajibana hadi akawa mwembamba kama kisu, uso ndani ya maandishi ya kiwanda. Mimi nikabandika pua kwenye kioo. Tukaondoka Columbus hivyo.

Shida ilikuwa moja: yeye ndiye pekee aliyejua lugha zote mbili. Donc tulizungumza, ila hatukuzungumza. Mimi naliambia dirisha: "Kuna mtu angewauliza hawa tumebakiza saa ngapi." Yeye anakiuliza kiti cha mbele kwa Kiingereza. Mzee anajibu. Kisha yeye analiambia katoni kwa Kiswahili: "Imesemekana saa tano." Mama alikuwa anatutazama kwenye kioo kidogo na midomo wazi. Mwishowe akauliza kitu, na mkwe akakohoa.

"Nini?" nikauliza dirisha.

"Imeulizwa kama watu wamegombana."

"Iambiwe hapana, watu wanapendana sana."

Akatafsiri. Mama hakuamini.

Saa saba Mzee akasimama kituo cha mafuta chenye mgahawa. Walitaka tuketi meza moja wote wanne. Nikakataa kushuka. Mkwe naye akakataa. Mama akatuletea hambaga garini, kila mmoja na yake na viazi vyake vya moto, akatuwekea mapajani, akakaa mbele, akageuka kututazama tukila. Mimi sijala tangu jana jioni. Harufu ya ile nyama ilinipanda hadi kwenye macho. Kula nikitazamwa na mkwe, pembeni pangu, haiwezekani. Yeye kula mbele yangu ndiyo kabisa. Tukakaa na chakula mapajani kama watu wanaopigwa picha ya kitambulisho.

"Hamli?" Mama akaanza kuogopa. "Mbaya? Baridi?"

Hapo mkwe akafanya kosa. Maelezo ya kweli yalikuwa marefu na kijana alikuwa amechoka. Akasema kwamba tumefunga, tunamwombea mtoto.

Yale maneno niliyaelewa, fasting na prayer kila Jumapili nayasikia. Nilitaka kusema kitu, nikakosa pa kukipitishia, kwa sababu mkalimani ndiye mwongo. Na kabla sijapata njia, mama ameshika kifua, machozi yamejaa, anaifunga hambaga yake kwenye karatasi. Naye atafunga nasi! Akamtazama Mzee. Mzee alikuwa ameshauma mara moja. Aliirudisha ile hambaga kwenye mfuko kipande kikiwa bado shavuni, akameza kwa huzuni, akawasha gari.

Tukaenda hivyo, watu wanne wenye njaa na hambaga nne. Njaa ilimfanya Mzee aendeshe haraka, hiyo faida nilipata. Lakini pia ilimfanya mkali. Mkewe akisema kushoto, anaruka. Simu ikisema kitu, anaijibu simu. Baada ya mwendo mrefu akauliza swali kwa unyenyekevu.

Mkwe akaliambia katoni: "Inaulizwa kama kahawa nayo inahesabika."

Nikaliambia dirisha: "Iambiwe Mungu anajua yeye ndiye anaendesha."

Alikunywa kahawa kama maji ya mbinguni.

Binti yangu alikuwa anaandika kila wakati kwenye simu ya mumewe. Dakika kumi kati ya uchungu na uchungu. Halafu nane. Halafu saba. Mkwe alinisomea kupitia katoni. Mimi nilikuwa nahesabu njia na kuhesabu uchungu, nikivipanga viwili pamoja. Mimba ya kwanza haikimbii, nikasema, tutafika. Jamani, nilikuwa na furaha, hata hofu yenyewe ilikuwa tamu. Miguu ilikuwa inakanyaga sakafu ya gari peke yake, nasaidia injini.

Tulipopita Erie theluji ikaanza. Haikuja pole pole. Mbele yetu kulikuwa na jua, halafu kuna kitu cheupe kimesimama barabarani kama shuka limeanikwa, tukaingia ndani yake, na dunia ikaisha. Mzee akashika usukani kwa mikono miwili. Mkewe akaiweka simu mapajani. Taa nyekundu za magari zikawaka mbele, moja, kumi, zisizohesabika, na tukasimama. Dakika tano. Ishirini. Nusu saa.

Hapo simu ya mkwe ikalia, ya video.

Aliifungua akaishika mbele yake. Nilisikia sauti ya mwanangu lakini sikumwona, ukuta ulikuwa umenizuia.

"Uko wapi?" alikuwa analia. "Mama yuko wapi?"

"Yupo hapa, tumesimama, theluji..."

"Hapa wapi? Nionyeshe Mama!"

Mkwe akanyoosha mkono na simu juu ya mto, uso wake mwenyewe ameugeuza pembeni. Mwanangu akaniona mimi na kitenge. Jasho linamtoka.

"Na yeye yuko wapi sasa? Mbona nawaona mmoja mmoja?"

"Yuko nyuma ya mto," nikasema.

"Nyuma ya nini?" Kamera ikateleza, akaona begi la unga, vitenge, mto, na sikio la mumewe upande wa pili. Kisha, katikati ya uchungu wake, akaanza kucheka, na uchungu ukamshika akiwa anacheka, na ile sauti iliyotoka sijawahi kuisikia kwa mwanamke yeyote niliyemzalisha. "Mama! Serious? Mimi niko hapa peke yangu na nyinyi mmejenga nyumba? Nawataka wote wawili. Kwa pamoja. Ndani ya hiki kioo. Sasa!"

Mimi sipendi mtoto anipandishie sauti. Lakini mzazi akiwa kwenye uchungu ndiye mkubwa wa nyumba, hilo nawaambia wote ninaowazalisha, na sikuweza kulibadilisha kwa sababu anayezaa ni wangu.

Nikauvuta mto nikautupa mbele. Ukampata Mzee kisogoni. Nikashusha vitenge miguuni. Mkwe aliendelea kutazama katoni, jasho shingoni.

"Sogea," nikamwambia. Si dirisha. Yeye. "Mwanangu anakutaka. Sogea, nasi tutamtoa yule kuku tukipata wazee."

Akasogea. Bega lake likagusa langu, wote tukashtuka kama tumeguswa na umeme. Tukaingiza nyuso mbili kwenye kioo kimoja. Yule kijana ana kovu dogo juu ya nyusi, nilikuwa sijui.

"Haya," nikamwambia binti yangu. "Uchungu ukija, usiubane. Toa pumzi kama unapuliza uji wa moto. Tupulize."

Tukapuliza. Mama wa mbele akageuka, akaanza kupuliza naye bila kuuliza. Mzee akapuliza kioo kikawa na ukungu. Watu wanne tumesimama kwenye theluji tunapulizia simu. Uchungu ukapita. "Asante," akasema binti yangu, kwa sauti ya chini, na simu ikakatika.

Nikamwambia mkwe, "Sasa waambie hawa ukweli. Umewafungisha wazee wa watu kwa uongo, na kwa jina la Mungu."

"Mama, nitaanzia wapi?"

"Anzia kwenye kuku."

Alieleza muda mrefu. Mama aliweka mkono mdomoni. Mara ya kwanza nilidhani analia, kumbe anacheka, na Mzee akacheka hadi akaegemea honi bila kutaka, na gari la mbele nalo likajibu kwa honi. Mama aliniomba msamaha mara nyingi kwa kutuketisha pamoja. Nikamwambia kupitia mkwe, hukujua, na mimi nisingekupa lawama ya kitu ambacho hata wajukuu zangu hawakijui. Kisha nikamwambia mkwe awaambie waanze kula, haraka, kabla barabara haijafunguka. Walikula hambaga baridi kwa mikono miwili. Mimi nilikula nimegeukia dirisha. Yeye alikula amegeukia katoni. Heshima haikuisha yote, ilipunguzwa tu.

Barabara ikafunguka. Mzee hakurudi sitini na mbili. Nilitazama mshale ule, sitaandika ulifika wapi, ni mtu wa kanisa.

Tulifika hospitali Buffalo saa kumi na mbili jioni, giza limeshaingia na theluji imefika kwenye vifundo. Mzee alitushusha mlangoni. Nilikimbia. Sikuwa nimekimbia tangu tulipovuka ziwa. Muuguzi wa ghorofa akasema chumbani waingie wawili tu, na wenyeji wetu wakaketi kwenye viti vya kungojea, wameshikana mikono kama hawakuwahi kugombania karatasi.

Mlangoni mkwe akasita. "Mama, ingia wewe. Kwetu mwanaume hasimami pale. Na wewe ukiwepo..."

"Amesema anatutaka wawili. Wewe kaa upande wa kichwa, mimi wa miguu. Kitanda ni kirefu."

Tukaingia. Mwanangu alitunyooshea mikono miwili, kila mmoja akapata wake. Mkwe alisimama kichwani pake, akamshika, akageuza uso ukutani, akakaa hivyo saa nzima akimnong'oneza. Mimi nilivua koti. Daktari alikuwa msichana, nadhani ni rika la huyo anayezaa. Akaniambia kitu nisichokielewa. Mikono yangu ilikuwa imeshatangulia mbele, haikungoja ruhusa, imekaa vile inavyokaa. Akaitazama ile mikono. Akanitazama usoni. Akasema na ukuta.

Ukuta ukatafsiri. "Daktari anauliza, umewahi?"

"Mwambie siwezi kuhesabu."

Akamwambia muuguzi anipe glavu. Zilikuwa kubwa, za buluu. Akaniweka karibu naye, akaonyesha nitie mikono yangu chini ya yake.

"Sasa," nikamwambia mwanangu. "Sauti usiitoe mdomoni. Ipeleke chini."

Akaipeleka. Kichwa kikaja, nywele tele, kisha bega, kisha mwili wote kwa mara moja, moto na mzito na utelezi, ukaanguka kwenye mikono minne, na miwili ya chini ilikuwa yangu. Alikuwa msichana. Akalia kabla hatujamwomba. Daktari alikuwa anasema, muuguzi anasema, binti yangu anacheka na kulia, mimi nilikuwa napiga vigelegele hadi mtu akafungua mlango wa chumba cha pili.

"Ni nini?" mkwe akauliza ukuta. "Ni nani? Mbona hakuna anayeniambia?"

"Geuka uone mwenyewe," nikamwambia.

Akageuka. Akamwona mtoto, akaniona mimi nimemshika, akakaa chini sakafuni kama gunia lililokatwa kamba. Muuguzi akamkimbilia na maji. Mimi sikuwa na nafasi ya kumshughulikia, nilikuwa nahesabu vidole.